Familia yenye nyumba mbili ilipoamriwa kukaa moja

Jumatatu ya Aprili 6, 2020, korona ikiwa ndiyo imeanza kuenea Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa alasiri, na ilipotimia saa moja jioni siku hiyo hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Mpaka ulitajwa mahali kwa mahali: daraja la mto Chania pale Thika, Rironi, Ndenderu, Athi River, Katani, Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai, Ngong. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa. Pasaka ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Miaka imepita na bado tunapozungumzia kipindi kile tunabishana kuhusu virusi na polisi. Je, kufunga barabara kulisaidia? Je, kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa ya afya au ya rungu? Kwa swali la kwanza sina shaka sana. Kuruhusu mabasi ya Pasaka yapakie abiria Nairobi, mji uliokuwa na visa vingi kuliko popote nchini, na kuwashusha kwenye maboma ya wazee wenye presha na kisukari, kungekuwa wazimu. Kasoro ninayoiona ilikuwa kwenye picha ya familia waliyokuwa nayo walioandika amri. Kwao familia ni watu waliolala chini ya paa moja usiku ule. Ukifunga mji, unafikiri umewafungia watu ndani ya familia zao. Kwa sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi kilichotokea ni kinyume: familia ilikatwa katikati, nusu huku, nusu kule.

Anayetoka nje ya Kenya huenda asielewe haraka. Chukua mtu anayeuza mitumba Gikomba na kulala Kayole. Amepanga chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Watoto wawili wakubwa wako kwa nyanya yao Mumias, magharibi mwa nchi, mdogo yuko naye mjini, na mume anafanya vibarua vya ujenzi popote vinapopatikana. Pesa inatoka mjini kwenda nyumbani kwa simu. Mahindi, maharagwe na ndizi vinatoka nyumbani kuja mjini kwenye buti la basi la usiku. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba watu hubadilishana: watoto wanakuja kuonwa na daktari wa macho au kununuliwa viatu, mama anarudi kupalilia, nyanya analetwa kliniki. Hii si familia iliyovunjika. Ni familia moja yenye vyumba vilivyoachana kwa kilomita mia nne, na barabara ndiyo ukumbi wake.

Tena mpangilio huu haukuzuka juzi. Serikali ya kikoloni iliujenga kwa makusudi. Mwanamume Mwafrika alitakiwa mjini kama kibarua, akiwa na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni, huku mke na watoto wakibaki kwenye maeneo yaliyotengewa Waafrika, wajilishe wenyewe. Ndiyo maana nyumba za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa zilikuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja; mwajiri alilipa mshahara wa mtu asiye na familia. Kipande kilichomwa, uhuru ukaja, lakini mishahara mingi ya Nairobi hadi leo inafanya hesabu ile ile: inamtosha anayefanya kazi, waliobaki walishwe na shamba. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotumika kutunga kanuni za kuzuia watu kusafiri mwaka 2020, asili yake ni mwaka 1921, miaka ile ile kipande kilipokuwa kikianza kuuma. Sisemi kuna njama. Nasema sheria ya zamani ilikutana na mpangilio wa zamani, na hakuna aliyesimama kuuliza.

Serikali inaujua mpangilio huu vizuri sana ikiutaka. Kila uchaguzi ukikaribia, viongozi huwahimiza wapigakura wao mjini wapande magari warudi kujiandikisha na kupiga kura mashambani. Lakini sensa ya 2019 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa Agosti 24, ikapata wakazi zaidi ya milioni 4.3 Nairobi, na hao ndio amri ya Aprili iliwachukulia kuwa watu wa Nairobi, basi. Wakati wa kura una kwenu. Wakati wa janga una chumba ulicholala.

Mtego wenyewe ulitegwa mapema, wiki tatu kabla. Kisa cha kwanza kilitangazwa Ijumaa ya Machi 13. Jumapili ya Machi 15 Rais akatangaza shule zifungwe: za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Mzazi wa chumba kimoja afanye nini na watoto watatu mchana kutwa, naye lazima aende sokoni? Alifanya jambo la busara kuliko yote: akawapeleka kwa nyanya yao. Wiki ile vituo vya mabasi vilijaa watoto wenye masanduku ya chuma ya shule na magodoro yaliyofungwa kamba. Mpango ulikuwa wazi, wiki chache tu, Pasaka tunafuata, tutaangalia mambo yanavyokwenda. Serikali yenyewe ilikuwa ikisema wananchi wasiende mashambani, lakini haikusema mtoto huyo akae wapi.

Jirani yangu mmoja alikuwa katika hali hiyo hasa. Kila jioni baada ya kafyu tulimsikia akipiga simu ya spika, maana kwenye ploti kuta ni za mabati na hakuna siri. Wiki za kwanza ilikuwa "Mmekula nini? Mmesoma? Mpe kukhu (nyanya) simu." Watoto walitaka kujua atakuja lini, naye akawaambia Pasaka, kisha akawaambia mwezi wa tano, kisha akaacha kutaja mwezi. Kufikia Juni mazungumzo yalikuwa mafupi. Kitindamimba wa wale waliokuwa Mumias alikuwa ameanza kumwita nyanya yake "mama", na simu ikija anaendelea kucheza. Jirani alicheka alipotusimulia. "Si ni vizuri, amezoea," alisema, akaingia ndani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mtego ulikamata na upande wa pili. Wazee walioletwa Nairobi mwezi Machi kwa kliniki ya wiki mbili walijikuta wanakaa miezi mitatu kwenye ghorofa ya nne, kwenye ngazi zisizo na kishikio, wakihesabu mvua za masika kupitia dirishani. Aprili ndiyo msimu. Shamba linapaliliwa Aprili. Mzee anayekosa palizi si mgeni aliyechelewa kurudi. Amepoteza chakula cha mwaka, na kwa hiyo chakula cha wale wa mjini pia. Sijasikia hasara hii ikitajwa kwenye mjadala wowote wa televisheni kuhusu athari za korona kwa uchumi. Haina risiti.

Ndani ya mji kwenyewe, kilichobadilisha maisha ya nyumbani zaidi kilikuwa saa. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo watu waliokuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni kule Mombasa walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa haijafika. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 akauawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Alikuwa nyumbani, kama alivyoambiwa.

Kwa waliobaki salama, saa moja jioni iliivunja siku vipande. Nairobi ya watu wa kawaida inakula jioni barabarani. Mutura, samosa, chapati na madondo, samaki wa kukaanga, uji: biashara yote hiyo huanza jua likizama, watu wakishuka kwenye matatu. Kafyu ikaifuta. Mama wa chapati akahamishia mauzo saa tisa mchana, saa ambayo mteja wake bado yuko kazini, kama kazi ipo. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, na kufikia saa kumi jioni vituo vilijaa watu wanaosukumana ili wawahi kwenda kutosukumana. Ukifika nyumbani huna muda wa kuchemsha githeri kwenye jiko la makaa, na mtungi wa gesi wa kilo sita unaisha haraka watu wote wakila nyumbani mara tatu.

Halafu wote mko ndani. Chumba cha futi kumi kwa kumi kimejengwa kwa dhana kwamba hakuna anayekuwemo mchana. Pazia moja linagawa kitanda na kiti. Mlizoea kupeana zamu bila kupanga: baba anatoka alfajiri, watoto wanaenda shule, mama anarudi saa kumi na mbili, wakubwa wanabarizi nje hadi saa tatu. Sasa hakuna zamu. Mtoto anataka kusikiliza masomo ya redio ya KBC, baba anataka habari za saa moja, simu yenye bando ni moja na inasubiriwa na mwajiri ambaye hapigi. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alikuwa ameonya kwamba tukiendelea kuishi kikawaida ugonjwa nao utatushughulikia visivyo vya kawaida. Kwenye ploti, maji ya bomba yalikuja siku alizopenda mwenye bomba, choo kimoja kilitumiwa na nyumba nane, na hayo yalikuwa ya kawaida ambayo hakuna mpangaji aliyeweza kuyaacha.

Wafanyakazi wa nyumbani walipata mtihani wao. Wanaolala kwa waajiri waliambiwa wachague: baki ndani usitoke hata Jumapili, au nenda usirudi. Mama fua, anayelipwa kwa siku na kuzunguka nyumba nne kwa wiki, hakupewa hata uchaguzi huo, geti lilifungwa. Wengi wa hawa ndio wenye watoto mashambani, kwa hiyo simu iliyokuwa ikipeleka pesa ikakatika upande wa mjini wakati ule ule safari ilipokatika.

Nchi hii ina jambo moja lisiloahirishwa, nalo ni kurudisha maiti kwao. Harusi ziliahirishwa, ruracio, zile sherehe za mahari, zikaahirishwa, wengine wakaoana mbele ya watu 15 na nadhani hawakujuta, maana gharama ilikuwa robo. Lakini marehemu lazima alale kwao. Hapo ndipo kanuni ililegea kidogo: kwa kibali cha mazishi na barua ya chifu, mwili uliruhusiwa kuvuka mpaka ukiwa na jamaa wachache, na kaburini wasizidi 15. Matanga ya wiki nzima yakawa asubuhi moja. Michango ikakusanywa kwenye makundi ya WhatsApp, na ndugu walioko Doha na Minnesota wakaona jeneza likishushwa kupitia simu ya binamu ambayo mkono unatetemeka.

Angalia basi hesabu hiyo. Maiti alikuwa na karatasi ya kuvukia. Lori la kabichi lilikuwa na ruhusa, na ilikuwa haki liwe nayo, la sivyo mji ungekufa njaa. Lakini mama aliyetaka kumfuata mtoto wa miaka minne hakuwa na fomu ya kujaza. Kwenye tangazo la Aprili 6 mizigo ilitajwa, chakula kilitajwa. Mtoto aliyebaki upande mwingine hakutajwa.

Penye kanuni isiyoona watu, watu hutafuta penyo. Wakajificha nyuma ya malori ya viazi. Wakashuka matatu kabla ya kizuizi, wakazunguka kwa miguu shambani na kupanda pikipiki mbele. Mwezi huo wa Aprili Waziri Kagwe mwenyewe alisimulia taifa kuhusu kundi lililosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza tupu, na dereva wao akapatikana na virusi. Nchi nzima ilikasirika, na kwa haki. Mimi nilikasirika pia. Lakini watu hao walikuwa wamesoma kanuni kwa makini kuliko mawakili: waliona ni nani anayeruhusiwa kupita, wakajigeuza kuwa huyo. Ukifunga mlango wote isipokuwa wa msiba, utaletewa misiba.

Kilichookoa nyumba nyingi ni vitu viwili ambavyo havikufungwa. Cha kwanza ni M-Pesa. Katikati ya Machi ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa, na hatua hiyo ikaendelezwa hadi mwisho wa mwaka. Watu wakajifunza mara moja kukata elfu tatu ziwe elfu moja moja. Cha pili ni yale malori. Kwa kuwa mzigo ulipita, gunia likapita. Nilishuhudia jambo ambalo sikulitarajia: mwelekeo wa msaada uligeuka. Kijana aliyekuwa akituma pesa kila mwezi sasa alikuwa anapokea viazi vitamu, unga wa mtama na kuku aliyekaushwa, vimeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino mzito juu ya gunia. Kijiji kililisha mji. Kwa mujibu wa utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa uliofanywa wakati huo, kaya takribani 3 katika kila 10 za wapangaji zilishindwa kulipa kodi ya Aprili kwa tarehe waliyokubaliana na mwenye nyumba. Nina hakika wengi wao wangeshindwa na chakula pia bila gunia.

Msaada wa serikali, kwa upande mwingine, ulimtafuta mtu mwenye hati ya mshahara. Machi 25 walitangaza kuwa anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hatalipa kodi ya mapato, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Shilingi bilioni 10 zikatengewa wazee, yatima na wengine wasiojiweza. Hatua nzuri kwa waliokuwa kwenye orodha. Mama fua na mwuza mutura hawana hati ya mshahara. Aprili 10 watu walikanyagana Kibera wakigombea unga na mafuta ya msaada, na hilo lilieleza pengo kuliko bajeti yoyote.

Watetezi wa amri wana jibu zito: ungetangaza siku tatu mapema, watu wote wangekimbia, na virusi pamoja nao. Ni kweli kabisa kwamba watu wangekimbia. Lakini India ilifunga nchi nzima usiku wa Machi 24, 2020 kwa ilani ya saa nne tu, na mamilioni ya vibarua wa mijini wakaondoka hata hivyo, kwa miguu, kandokando ya barabara kuu, wengine wakafia njiani. Ilani fupi haimfanyi mtu aache kwenda kwao. Inamfanya aende vibaya. Suala langu, hata hivyo, si saa za ilani. Hata kama kufunga ghafla kulikuwa sahihi, baada ya kufunga kulikuwa na miezi mitatu. Katika miezi hiyo hakuna aliyekaa chini kupanga jinsi watoto na wazee waliokwama watakavyovushwa kwa zamu, kaunti kwa kaunti, kwa kupimwa joto na kujiandikisha kwa chifu wa pande zote mbili. Vipimo vya kutosha havikuwepo, najua. Chifu alikuwepo.

Tungesema ni mara ya kwanza, hakuna aliyekuwa na uzoefu. Ila Ijumaa ya Machi 26, 2021, siku tisa kabla ya Pasaka, kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa kuanzia usiku ule ule. Mwaka mzima ulikuwa umepita na tangazo lilikuwa la sura ile ile. Mabasi yakajaa kwa saa chache, nauli zikapaa, na wenye mipango ya Pasaka wakaivunja kwa simu usiku. Hali ikabaki hivyo mpaka Mei 1.

Ufungaji wa kwanza uliisha Julai 7, 2020, saa kumi alfajiri. Ungedhani siku hiyo familia zingeungana. Hapana. Siku hiyo hiyo Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na shule zitafunguliwa Januari 2021. Madarasa machache yaliitwa Oktoba, yaani Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Kwa hiyo wazazi walisafiri, wakakaa wikendi, wakapiga hesabu ya chumba na ya kodi iliyolimbikizwa, wakawaacha watoto pale pale. Baadhi ya watoto hawakurudi mjini kabisa, walihamishwa shule. Kisha kalenda ikabanwa kufidia muda, mihula minne ndani ya mwaka mmoja, na mwaka 2022 KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ikafanywa mara mbili, Machi na tena mwishoni mwa mwaka. Karo nayo ilikuja kwa mwendo huo, kwa wazazi ambao bado walikuwa wanalipa madeni ya 2020.

Kanuni zile zilifutika janga lilipopungua, lakini Sura ya 242 ipo, na Waziri wa Afya yeyote anaweza kutunga nyingine wiki ijayo. Ndani yake kinahitajika kifungu kimoja ambacho hakikuwepo: mzazi au mlezi wa mtoto mdogo, na mzee aliyesafiri kwa matibabu, avushwe mara moja, kwa siku iliyopangwa na kaunti, kwa barua ya chifu ile ile inayotolewa kwa ajili ya mazishi. Fomu ipo tayari. Ibadilishwe kichwa tu.